Mgeni wa Mjini na Njia ya Ziwani

Kijana wa Bukoba au wa Muleba apatapo khabari kwamba jamaa zake wa Dar es Salaam wanakuja likizo, hushikwa na wasiwasi: atawapeleka wapi? Huona haya kwamba kwao hapana jumba la maduka mfano wa Mlimani City, lililofunguliwa mwaka 2006. Walakini wageni wafikapo, baada ya kula tu huuliza njia ya kwenda ziwani.

Sababu haihitaji falsafa. Shati lililoshushwa bandarini ni lile lile, litundikwe Dar es Salaam au Kampala, na mtu hasafiri zaidi ya kilometa 1,000 ili akalione tena. Kadhalika dukani mtu hukaribishwa kwa kadiri ya mfuko wake. Baba mwenye watoto sita ayajua hayo vizuri. Ufukweni hao sita hucheza hata magharibi, naye hajafungua pochi.

Sisi wenyeji ndio tuliokwisha kuzoea mpaka hatuoni. Mbele ya mji wa Bukoba, alipoweka kituo Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani mwaka 1890, kimesimama kisiwa cha Musira na majabali yake. Upande wa Maruku kipo kijiji cha Katuruka, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za yapata miaka 2,000 iliyopita. Mtoto adhaniye kuwa kila ufundi ulikuja na meli kutoka ng'ambo, na apelekwe huko. Ukishika barabara ya kusini wafika Muleba, penye nyanda za juu za Kamachumu, na ziwani visiwa vyake vingi, kikiwamo Bumbire, ambacho watu wake walipigwa risasi na msafara wa Stanley mwaka 1875.

Lakini mimi napenda zaidi kibanja, kisicho na kibao wala kiingilio. Chini ya migomba imesimama mibuni, chini ya mibuni maharage, na nyasi zilizotandazwa hushika unyevu wa udongo. Mgeni aliyeijua kahawa ya kikombe tu hustaajabu kupewa punje zilizochemshwa na kukaushwa, akaambiwa atafune. Wengine hutema! Hata hivyo, wakirudi kwao hilo ndilo wanalolisimulia, wala si soda waliyokunywa.

La kuhofiwa ni kwamba, kwa kutamani vioo vya miji mingine, tutaharibu kile kile kinachowaleta watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kila ukuta unaopandishwa ndani ya kipimo hicho humzibia njia mtoto wa mwenyeji kabla ya mgeni, na humpunguzia riziki mwenye mtumbwi na mama auzaye samaki.

Basi wageni wa Idi watakapokuja, wapelekeni. Watakaovuka kwenda Musira wapatane nauli kabla ya kupanda, na kila mtoto avishwe jaketi la kuokolea, hata kama maji yametulia kama kioo. Ziwa hili lilichukua mamia ya watu wetu siku MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996.