Hewa ya Darini Ina Kazi Yake

Mwishoni mwa Machi, kabla mvua hazijashika sawasawa, jua la saa sita husimama utosini kabisa pa Arua. Mji huu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda uko takriban nyuzi 3 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua la wima huupitia mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba. La Machi ndilo linalochosha, maana linawakuta watu tangu Desemba wamo kwenye kiangazi. Bati lisilofika unene wa nusu milimita hupigwa na nguvu inayokaribia wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Ukiwa ndani, inua kiganja kuelekea dari bila kuigusa: joto litakufuata mkononi.

Kati ya bati na dari kuna nafasi, na nafasi haikosi mwenye kuitamani. Koboko, kaskazini zaidi, barabara moja ikielekea mpaka wa Oraba na Sudan Kusini na nyingine Kongo, duka na nyumba mara nyingi ni jengo moja. Makatoni, masanduku na magunia lazima yapate pa kukaa. Fundi anaitwa, anapigilia mbao juu ya boriti za dari, na stoo imepatikana. Baada ya wiki chache watu wa nyumba wanaanza kusema kwamba usiku chumba hakipoi.

Wanachosema ni kweli. Hewa iliyotulia ni mpitishaji dhaifu sana wa joto. Chuma hulipitisha mara nyingi mno kuliko hewa. Nyumba ya nyasi ina ubaridi kwa sababu hiyo: nyasi zenyewe zinachangia, lakini kazi kubwa inafanywa na hewa iliyonaswa katikati yake. Pamba, maganda makavu ya mpunga na sufi ya viwandani vinafanya kazi ileile. Ukivikandamiza, umeifukuza hewa, nawe umebaki na mzigo tu. Uingereza, ambako wanapambana na baridi, hushauriwa kutandaza sufi ya milimita 270 darini. Ukiishindilia kwa mbao hadi milimita 100, inapoteza karibu nusu ya kinga yake. Mafundi wa huko wameshajua dawa yake: kuisimamisha sakafu juu ya vigingi, ipite juu ya sufi bila kuigusa.

Wazo hilo si geni hapa West Nile, eneo la Arua na Koboko. Ghala la kienyeji la Walugbara na Wakakwa, lile la kusukwa na kukandikwa lenye kofia ya nyasi, halikuwekwa chini. Lilinyanyuliwa juu ya mawe au nguzo, hewa ipite chini yake na unyevu wa ardhi usiifikie nafaka. Anayetaka stoo darini leo anahitaji kitu kilekile: miguu.

Lakini tusiige Uingereza kwa kila kitu. Huko joto hukimbia kutoka chumbani kwenda juu. Kwetu linashuka kutoka kwenye bati. Hewa ya moto ni nyepesi, haishuki yenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto hilo hutujia kwa mnururisho, kama joto la makaa linavyokufikia usoni ukiwa mbali na jiko. Mnururisho huongezeka kwa kasi kadiri kitu kinavyopata moto: bati la nyuzi 67 hutoa mara 1.5 ya ule linaoutoa likiwa na nyuzi 32. Bati jipya linalong'aa hutoa kidogo upande wa chini. Likishapata kutu, hutoa zaidi.

Ndiyo maana karatasi ya alumini, ikitandazwa chini ya kenchi, husaidia sana. Iachieni nafasi ya hewa, na uso unaong'aa uelekee chini, maana uso wa juu hukusanya vumbi na kupoteza nguvu. Ukiibana kati ya mbao mbili haina faida tena, kwa sababu joto litapita kwa kugusana. Stoo basi ikae chini ya karatasi hiyo, juu ya sakafu iliyoinuliwa, na matundu ya kwenye kingo za paa yasizibwe na makatoni. Yawekeeni wavu dhidi ya popo, lakini hewa ya moto ipate pa kutokea.

Magunia yenyewe hukinga dari mchana, hilo ni kweli. Ila hunywa joto taratibu, kisha huliachia usiku watu wakiwa wamelala. Tena ni mazito: magunia 10 ya kilo 50 ni nusu tani, na boriti nyembamba zilizowekwa kubeba dari peke yake hazikuhesabiwa kwa hilo. Kama ni lazima, uzito uegemee kuta. Nyaya za umeme nazo zisifukiwe ndani ya sufi, kwani hushindwa kupoa.

Kwa maoni yangu, swali la nini kipande huko lina uzito kuliko la mbao. Masanduku, vyombo vya sherehe na viti vya kukunjwa, sawa. Dawa, betri na mafuta ya taa, hapana. Mbegu ndizo zinazonihuzunisha zaidi, kwa kuwa huko zinafia kimyakimya na mkulima hugundua shamba likiwa limeshalimwa. James Harrington, mtafiti wa mbegu wa California, alitoa kanuni ya kukadiria: kila joto likipungua kwa nyuzi 5, maisha ya mbegu hifadhini huongezeka maradufu. Chumbani kukiwa na nyuzi 25 na darini 45, tofauti ni mara 16. Simsim ambayo ingengoja miezi 16 kwenye chungu kilichofunikwa pembeni mwa chumba, huko juu ina mwezi mmoja.