Kodi, Michango na Dirisha la Malipo: Namna ya Kulinganisha Mzigo wa Kodi na Huduma za Afya baina ya Nchi

Muuguzi wa Tanga na mwenzake wa Mombasa wakilinganisha hati zao za mshahara, hesabu ya kwanza huwa nyepesi. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na Kenya ni asilimia 16. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya ajira nchini Tanzania ni asilimia 30. Nchini Kenya, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023, wenye vipato vikubwa sana hutozwa asilimia 35, na kila mwajiriwa hukatwa pia asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Kutokana na namba hizo watu huamua upesi kwamba nchi hii ni nafuu na ile ni ghali. Uamuzi huo huwa umetolewa kabla mgonjwa hajafika hospitalini.

Wachumi hupima mzigo wa kodi kwa kulinganisha makusanyo yote ya kodi na Pato la Taifa. Kwa kipimo hicho, katika miaka ya karibuni Tanzania imekuwa ikikusanya kiasi cha asilimia 12 hadi 13 ya pato lake, ilhali Kenya na Rwanda zimekuwa juu kidogo. Denmark hukusanya zaidi ya asilimia 40, na Marekani karibu robo tu. Mtu akiishia hapo atasema Mmarekani amepata unafuu mkubwa. Lakini Marekani hutumia kiasi cha asilimia 17 ya Pato la Taifa kwa afya, wakati Denmark hutumia takribani asilimia 10, na bado Wamarekani zaidi ya milioni 20 hawana bima yoyote. Fedha ambayo Mmarekani hakuilipa kwa mtoza kodi ameilipa kwa kampuni ya bima, au ameilipa yeye mwenyewe baada ya kuugua. Kwa hiyo kiwango cha kodi peke yake hakionyeshi ni nani aliyebeba gharama ya matibabu.

Gharama hiyo hulipwa kwa njia kuu tatu: kodi ya wote, michango ya bima, na malipo ya papo kwa papo dirishani. Njia ya tatu haimo katika takwimu za kodi, ingawa kwa kaya nyingi ndiyo nzito kuliko zote. Kodi ya mapato hupanda kadiri kipato kinavyopanda. Malipo ya dirishani hupanda kadiri ugonjwa unavyozidi, na mara nyingi ugonjwa unapozidi kipato kinashuka, kwa sababu mgonjwa na anayemuuguza wote wameacha kazi. Katika kipimo cha awali cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kilichotumika hadi mwaka 2025, kaya iliyotumia zaidi ya asilimia 10 ya matumizi au kipato chake kwa matibabu ilihesabiwa kuwa imepata gharama za maangamizi. Neno hilo ni zito, lakini mfanyakazi yeyote wa wodi ya wazazi au ya majeruhi amewaona ndugu waliouza ng'ombe au kuweka shamba rehani ili kulipia upasuaji mmoja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010 kwamba hatari hiyo hupungua sana pale malipo ya moja kwa moja yanaposhuka chini ya asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yote ya afya.

Tanzania imepita katika njia zote tatu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huduma katika vituo vya serikali zilitolewa bila malipo, na mwaka 1977 tiba binafsi ya kibiashara ikapigwa marufuku. Hali ya uchumi ya miaka ya 1980 iliubana mfumo huo. Mwaka 1991 tiba binafsi ilirejeshwa, na mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mtumishi na nusu kutoka kwa mwajiri.

Uchangiaji ulikuja pamoja na msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo na wenye baadhi ya maradhi ya kudumu. Hapa ndipo ulinganishaji wa nchi kwa sheria zake hupotosha zaidi. Sheria ikisoma "bure", mlinganishaji huandika sifuri. Lakini msamaha bila fedha ya kuufidia huacha pengo katika hesabu za kituo: kituo kimehudumia, hakikulipwa, na oda inayofuata ya dawa inapungua. Mjamzito aliyesamehewa huambiwa aje na glovu, pamba, uzi wa kushonea na dripu. Ndugu yake hutoka nje ya geti hadi duka la dawa, ambako hakuna msamaha. Malipo hayo hayana risiti ya hospitali, kwa hiyo katika taarifa ya kituo mama huyo amehudumiwa bila malipo. Mkunga aliyemwandikia orodha hana kosa, na mara nyingine ndiye anayetoa fedha mfukoni mwake.

Kenya ilichukua mkondo mwingine. Tangu Oktoba 2024, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii hukata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Chini ya mfumo uliotangulia, mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alilipa 750, na mwenye 100,000 alilipa 1,700. Sasa wa kwanza hulipa 550 na wa pili 2,750. Kwa kipimo cha haki, mabadiliko hayo yana hoja nzito, hata kama mwenye mshahara mkubwa aliyaona kama kodi mpya. Ugumu uko kwa wasio na ajira rasmi, ambao mchango wao hukadiriwa kwa hali ya kaya na kutakiwa kwa mwaka mzima. Kwa mchuuzi anayepata fedha siku kwa siku, kutoa fedha ya mwaka kwa mkupuo ni jambo gumu hata pale jumla inapoonekana ndogo. Ndani ya Kenya yenyewe kaunti 47 hutofautiana: Makueni, isiyohesabika miongoni mwa kaunti tajiri, ilianzisha mwaka 2016 mpango wake wa matibabu kwa mchango wa shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka.

Rwanda ndiyo inayotajwa sana katika mijadala hii. Bima yake ya jamii hufikia zaidi ya asilimia 80 ya watu. Kwa wananchi wengi mchango uliwekwa mwaka 2011 kuwa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Mwanachama hulipa faranga 200 anapofika kituo cha afya na asilimia 10 ya gharama akifika hospitali, na michango ya kaya maskini kabisa hulipwa kwa niaba yao. Tangu mwaka 2020 waajiriwa hukatwa nusu asilimia ya mshahara halisi kuisaidia bima hiyo. Wafadhili wa nje nao wamechangia kwa miaka mingi, jambo ambalo wasifu wa mfumo huo husahau kulitaja.

Mwaka 2023 Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ili kuwagharamia wasio na uwezo, vyanzo vilivyotajwa ni pamoja na sehemu ya ushuru wa vileo na wa vinywaji vyenye gesi. Muuza samaki wa Deep Sea, Tanga, hana hati ya mshahara na hakatwi kodi ya mapato ya ajira, lakini akimnunulia mtoto soda amechangia, na akinunua sabuni amelipa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Maneno yanayosikika mara kwa mara mapokezini, kwamba wanaoomba msamaha ni watu wasiolipa kodi, hayana msingi. Mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mapema, kwa kuwa msamaha unaoombwa siku ya kuruhusiwa huwakuta ndugu wameshakopa.