Kwa nini stima ya sola vijijini hupotea usiku

USIKU wa Agosti 25, 2023, hitilafu katika gridi ya taifa ilitumbukiza karibu nchi nzima gizani, wakiwemo abiria waliokuwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi.

Kijiji chenye gridi yake ndogo ya sola, isiyounganishwa na ile ya taifa, hakiguswi na mkasa wa aina hiyo. Hata hivyo, gridi hizo nazo zina maradhi yake.

Wengi hulaumu paneli, ilhali hizo zaweza kudumu miaka 25. Aghalabu udhaifu umo katika betri. Chukulia kituo cha biashara kinachotumia uniti 60 za stima kuanzia magharibi hadi alfajiri. Betri ya risasi na asidi yenye uniti 100 yaonekana kutosha na kusaza, lakini haifai kukamuliwa kupita nusu. Uniti 50 hazitoshi usiku mmoja, na mwendeshaji akizidi kuikamua ili kuwaridhisha wateja, ataizika mapema. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo yaweza kutoa uniti 80 pasipo madhara makubwa. Usiku wa kwanza utapita salama. Mawingu yakitanda kutwa kesho yake, zile 20 zilizosalia zitaisha watu hawajalala.

Ndiyo maana mhandisi hodari huuliza kwanza ni siku ngapi bila jua ambazo mtambo unatarajiwa kuhimili. Katika kisiwa cha Ta'u, Samoa ya Marekani, mtambo wa mwaka 2016 wenye paneli 5,328 na betri kubwa 60 ulikusudiwa kuhimili siku tatu, na wakazi hawafiki 1,000. Akiba kama hiyo ni ghali. Si busara kuidai kila mahali iwapo jenereta ndogo ya dizeli, inayowashwa siku chache tu kwa mwaka, yaweza kuziba pengo.

Katika maeneo kama Turkana, joto nalo hula betri kimyakimya, hasa iliyofungiwa katika kibanda cha mabati kisichopitisha hewa.

Kisha kuna kinu cha posho. Mota yake inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa kuliko ule wa kawaida, na inveta isiyoandaliwa hujizima, kijiji kizima kikakosa stima. Kikiwekewa kifaa cha kuiwasha mota polepole, na mahindi yakisagwa saa sita mchana, kinu hicho hutumia jua moja kwa moja na betri haiguswi.