Ijue topu ya injini yako kabla fundi hajafungua mkanda

Wengi wenu mmenizoea kwa mambo ya mbegu, mbolea na kantangaze. Leo naomba tufungue boneti. Mkulima wa biashara anategemea injini kama anavyotegemea mvua: pikapu ya kupeleka mzigo sokoni, pampu ya kumwagilia, pawatila. Injini ikigoma siku ya mavuno, nyanya hazisubiri.

Somo letu ni topu, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa kwenye silinda kabla ya kuanza kushuka. Kwenye vitabu vya magari imeandikwa TDC. Kufunga mkanda wa taimingi, kurudisha distribyuta, kuseti tapeti, yote yanaanzia hapo. Topu ikikosewa, vinavyofuata vyote vimekosewa.

Kwa nini vijana wengi wanachanganyikiwa

Injini ya gari ina hatua nne: kunyonya, kugandamiza, kuwaka na kutoa moshi. Ili hatua zote nne zikamilike, kranki inazunguka mara mbili. Maana yake pistoni inafika juu mara mbili: mara ya kwanza mwisho wa kugandamiza, mara ya pili mwisho wa kutoa moshi. Alama ya kwenye puli inakaa mahali palepale mara zote mbili, kwa hiyo alama peke yake haikwambii uko kwenye topu ipi. Kwa kazi nyingi tunataka topu ya kugandamiza ya silinda namba moja.

Msimu uliopita kijana mmoja wa huku Ilula alikuwa na matenga 40 ya nyanya yamepangwa chini ya mti, na pikapu ya petroli haiwaki. Fundi alikuwa ametoa distribyuta abadilishe sili, akairudisha kwa kufuata alama ya puli tu. Kila wakipiga stata, injini inakohoa na kutema moto kwenye kabureta. Walishaamua kununua koili mpya, na kabureta ilikuwa inafuata. Nilipofika niliomba plagi ya kwanza itolewe, tukazungusha injini kwa mkono. Rota ilikuwa inaelekea waya wa silinda ya nne. Cheche ya silinda ya kwanza ilikuwa inakuja wakati wa kutoa moshi. Tukaigeuza distribyuta nusu mzunguko, ikawaka. Hakuna spea iliyonunuliwa, na mzigo uliondoka jioni ileile.

Hatua za kutafuta topu

1. Injini iwe imepoa. Vuta hendibreki, weka gia nyutro, zuia matairi kwa mawe, toa waya hasi wa betri. Funguo weka mfukoni mwako.

2. Toa plagi zote ili injini izunguke kirahisi. Kwenye dizeli toa plagi za kupashia moto. Safisha vumbi kwanza. Shamba lina mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda umejiletea gharama.

3. Tambua silinda namba moja. Kwenye injini nyingi za silinda nne ndiyo iliyo upande wa mkanda, lakini hakikisha kwenye kitabu cha gari lako.

4. Weka soketi kwenye boliti ya puli ya kranki, zungusha taratibu kwa mwelekeo wa kawaida wa injini. Injini nyingi zinazunguka kama saa ukiitazama kwa mbele. Mwenzako azibe tundu la plagi kwa kidole. Upepo ukisukuma kidole, pistoni inapanda kwenye kugandamiza. Usitumie stata mtu akiwa ameweka kidole!

5. Endelea mpaka alama ya puli ilingane na sifuri kwenye kava. Alama nyingine kama 5, 10 na 15 ni digrii za kabla ya topu, usizichanganye. Ukipitiliza, zungusha tena mizunguko miwili kamili ufike upya.

6. Hakikisha. Rota ielekee waya wa plagi ya kwanza. Ukifungua kava ya valvu, valvu za silinda ya kwanza ziwe zimefunga na roka zake zicheze kidogo. Kama roka zimekaza, uko kwenye topu ya kutoa moshi. Zungusha mzunguko mmoja zaidi.

Alama ya puli nayo inaweza kudanganya

Puli nyingi zina mpira katikati ya pete mbili za chuma. Gari likizeeka mpira unaachia, pete ya nje inateleza na alama inahama. Ndiyo maana mafundi wengine wanaingiza mrija wa plastiki kwenye tundu la plagi waangalie unavyopanda. Inasaidia kukaribia, lakini haitoshi. Pistoni ikifika juu inatulia: kwenye injini ambayo pistoni yake inasafiri 96 mm, ukikosea digrii 5 mrija hausogei hata nusu milimita. Jicho halioni hilo. Na usiingize bisibisi, inaweza kukwama au kukwaruza pistoni.

Njia ya uhakika kwa petroli ni kizuizi kinachofungwa kwenye tundu la plagi, ambacho pistoni inakigusa kabla ya kufika juu. Zungusha pole pole kwa mkono mpaka iguse, weka alama kwenye puli. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Pima katikati: alama zikiwa mbali kwa 36 mm, topu halisi iko 18 mm kutoka kila upande.

Baada ya mkanda mpya

Kabla ya kupiga stata, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie alama zote tena. Ukihisi kitu kigumu kimezuia, simama hapohapo. Kwenye injini nyingi, hasa dizeli, valvu iliyokosa taimingi inagonga pistoni na kupinda. Kwa mkono unaokoa valvu, kwa stata unazivunja.

Na pampu yako

Kwa injini ndogo kama Honda GX160 kanuni ni ileile. Toa plagi, vuta kamba polepole, sikiliza upepo kwa kidole, fika topu ya kugandamiza ndipo upime nafasi ya valvu: 0.15 mm ya kuingiza na 0.20 mm ya kutoa, injini ikiwa baridi.

Sikwambii uache kumwita fundi. Nakwambia ukae naye, na kabla hajafungua mkanda umuulize: "Fundi, tuko topu ya kugandamiza?" Fundi mzuri atakuonyesha rota na roka. Akikujibu "alama imekaa, inatosha," mwambie atoe plagi kwanza.