Kenya: Cheti cha Mkandarasi na Uhai wa Wapangaji

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha jijini Nairobi, nyumba ya ghorofa sita katika mtaa wa Huruma iliporomoka na kuwafukia wapangaji wake. Wanajeshi, polisi na watu wa Msalaba Mwekundu walichimbua kifusi kwa siku kadhaa mfululizo. Siku ya nne mtoto mchanga wa kike alitolewa akiwa hai. Hata hivyo, watu wapatao 50 walipoteza maisha.

Mvua haikuwa chanzo pekee cha msiba huo. Nyumba ilijengwa kando ya mto, na wenye mamlaka walikuwa wamekwisha agiza ibomolewe. Agizo halikutekelezwa, wapangaji waliendelea kuishi humo na kodi ikaendelea kupokewa.

Wala si kwamba sheria haikuwapo. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi. Chini ya sheria hiyo, ni kosa kufanya kazi ya ukandarasi bila kusajiliwa. Wakandarasi wamepangwa katika madaraja 8, na wale wa madaraja ya chini hawaruhusiwi kuchukua kazi inayozidi kiwango chao. Leseni huhuishwa kila mwaka. Mafundi na wasimamizi nao hutakiwa kuwa na vyeti.

Basi ugumu uko wapi? Uko katika bei. Kampuni inayofuata sheria haina budi kumlipa mhandisi, kununua nondo za unene uliotajwa katika ramani, na kupima zege, ambayo nguvu zake kwa kawaida hupimwa baada ya siku 28. Kampuni isiyo na cheti, au iliyoazima cheti cha mwingine, hukwepa gharama hizo, ikataja bei ndogo na kupewa kazi. Matokeo yake ni kwamba mwaminifu hufilisika na mdanganyifu hustawi, mpaka siku jengo litakapoanguka.

Kwa hiyo cheti humlinda mpangaji, na pia huilinda kampuni njema isifukuzwe sokoni na kampuni mbovu. Lakini cheti hakina nguvu yoyote pale ambapo hakuna anayekikagua. Mwaka 2025 Kenya ilianza kutumia kanuni mpya za ujenzi badala ya zile za mwaka 1968. Kanuni hizo nazo zitapimwa kwa utekelezaji wake, si kwa maandishi yake.

Funzo hili linaihusu Tanzania pia. Bodi ya Usajili wa Makandarasi imo katika sheria ya mwaka 1997. Hata hivyo, tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na vikosi vya uokoaji vikaitwa kufukua kifusi.

Askari huitwa wakati jengo limekwisha anguka. Lakini polisi anayesimamia amri ya kusimamisha ujenzi haramu, asikubali kununuliwa, huokoa watu wengi kuliko atakaowafukua kwa koleo. Na mpiganaji anayejenga nyumba yake ya kustaafia naye ana wajibu: kabla ya kutoa malipo ya kwanza, amtake mkandarasi aonyeshe cheti chake, daraja lake, na leseni ya mwaka huo.