Chungu na Mfuniko Wake

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo tumezoea kuitumia katika malezi ya watoto. Juma hili nataka tuirudishe kwa mwenyewe, yaani kwa mfinyanzi. Kijana mmoja wa Tengeru, anayejifunza kufinyanga kwa gurudumu, ameniuliza hivi: kwa nini vyungu vyangu vinatoka vizuri, lakini mifuniko haikai? Mingine inacheza, mingine haiingii kabisa.

Swali hilo lina faida hata kwa asiyekusudia kushika udongo.

Hapa kwetu ufinyanzi ni kazi ya kina mama. Wanawake wa Usangi kule Upareni, na wale wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga kwa mikono, na kipimo chao ni jicho lililozoea. Gurudumu ni chombo cha kale pia, maana katika nchi ambayo leo ni Iraki lilianza kutumika zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Sifa yake kubwa ni kutoa mviringo sahihi kwa haraka. Lakini gurudumu halipimi. Kupima ni kazi ya mtu.

Na kinachopimwa kinabadilika. Udongo mbichi una maji mengi ndani yake. Ukikauka hunywea, ukichomwa hunywea tena. Tuseme udongo wako unapungua kwa asilimia 10. Chungu chenye mdomo wa sentimita 15 kikiwa kibichi kitatoka tanurini na mdomo wa sentimita 13 na nusu. Sasa ukingoja chungu kikauke, kisha ukafinyanga mfuniko mbichi wa kukitosha, mfuniko huo utaendelea kunywea wakati chungu karibu kimemaliza. Hapo ndipo unapoanza kucheza.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuna shida ya ziada. Udongo wa miteremkoni umetokana na majivu ya volkano. Unastawisha migomba na kahawa, lakini haushikamani vizuri mikononi mwa mfinyanzi. Ukishuka mbugani unakuta udongo mweusi, ule ule unaowapasulia watu kuta za nyumba. Ukilowa huvimba, ukikauka huacha nyufa za kuingiza mkono. Kwa hiyo udongo hauna budi kujaribiwa kwanza. Tengeneza kipande bapa mfano wa rula, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kikaushe, kichome, kisha pima mstari ule upya. Ukiukuta una sentimita 9, umekwisha kujua tabia ya udongo wako. Ukinywea mno, changanya mchanga au vigae vilivyosagwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kanda kwa pamoja udongo wa kutosha chungu na mfuniko. Finyanga chungu, na kabla hujakiondoa kwenye gurudumu, bonyeza ukingo wake kwa ndani upate kibaraza kidogo cha kukalia mfuniko. Pima upana wa kibaraza hicho kwa bikari, au kwa vijiti viwili vilivyounganishwa kwa msumari, na usivichezee tena vijiti hivyo. Siku hiyo hiyo finyanga mfuniko. Aghalabu hufinyangwa kichwa chini, kama kisahani, nacho kishikio hubandikwa baadaye. Upunguze kwa kiasi cha milimita 2 ili uingie bila kulazimishwa.

Vikishakuwa vigumu kiasi cha kushikika bila kubonyea, weka mfuniko juu ya chungu chake, vikauke pamoja kivulini. Mdomo ulioachwa wazi hukauka upesi kuliko tumbo, na huenda ukapinda. Hata tanurini vichomwe pamoja, kila mfuniko juu ya chungu chake. Kama umepaka dawa ya kung'arisha, ile inayoyeyuka ikawa kama kioo, ifute mahali vinapogusana, la sivyo vitagandana.

Huenda mwingine akauliza, je, yote haya ni kwa ajili ya mfuniko tu? Naam. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa nchi yetu. Jina lake, chikungunya, limetokana na lugha ya Kimakonde, nalo linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza ugonjwa huo na homa ya dengi, hutaga mayai katika maji tunayoyaweka nyumbani, ikiwamo mitungi. Mfuniko unaocheza humwachia mlango. Ni kweli kwamba mfuniko hauondoi floraidi iliyomo katika maji mengi ya pande hizi, ambayo hutia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Hiyo ina dawa yake nyingine. Lakini mbu, vumbi na kata chafu vinazuilika.

Wapo wanaohofu kwamba gurudumu litaua ufinyanzi wa mama zetu. Mimi sioni hivyo. Ladi Kwali wa Nigeria alijiunga mwaka 1954 na kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Michael Cardew. Alijifunza gurudumu, lakini hakuacha kujenga kwa mkono mitungi yake mikubwa. Leo picha yake imo katika noti ya naira 20.

Hivyo basi, kijana wangu wa Tengeru, usifinyange vyungu kumi leo na mifuniko kumi juma lijalo. Maliza kimoja na mfuniko wake. Na ukimpata mama wa Kipare anayejua kujenga mtungi, kaa naye. Yeye ajenge, wewe upime na kufinyanga mfuniko siku hiyo hiyo, kwa udongo ule ule, ungali maji.

Hadi juma lijalo, kwaherini.