Safari ya Mashua: Uliza Kabla ya Kulipa

Sisi wa Machakos tumezoea vilima, si mawimbi. Ndiyo maana tukifika pwani twaweza kuuziwa safari ya mashua kwa bei yoyote ile! Hebu tuelezane.

Chukua safari ya kutoka Shimoni, Kwale, hadi mbuga ya baharini ya Kisite na kisiwa cha Wasini. Tuseme mmoja anadai shilingi 2,500, mwingine 4,000. Usiikimbilie ile ya 2,500! Uliza: je, ada ya mbuga imo? Ada hiyo ni ya KWS, si ya mwenye mashua, na wanafunzi wana kiwango chao nafuu. Chakula je? Na gari la kutoka Mombasa? Ukijumlisha, huenda ile rahisi ndiyo ghali.

Pili, angalia msimu. Wakati wa kaskazi, kama Januari na Februari, bahari hutulia. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, huchafuka. Bei yaweza kushuka, lakini safari ikivunjika, pesa zitarudishwa?

Tatu, toa arbuni tu na udai risiti. Salio lilipe ukishaona jaketi la kuokolea la kila abiria.

Na asiye na kitu je? Aende Likoni. Feri haimtozi anayevuka kwa miguu hata senti, na meli za Kilindini ataziona!

Kuuliza si ujinga, jamani.